Fundi wa Ogden na Mtutu Mkuukuu

Tulipokuwa wadogo, tukitoka chuoni jioni na wino wa mbao ungali vidoleni, kazi yetu ilikuwa kujiundia bunduki kwa mianzi na vipande vya mpira wa baiskeli. Yangu haikupata kumgonga hata kunguru. Kwa hiyo nilipokuja kusoma habari za marehemu John Moses Browning, fundi wa Kimarekani, nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Yeye naye alianza kwa takataka; ila alikofika siko nilikofika mimi, wala sina hakika kwamba namwonea wivu.

Alizaliwa mwaka 1855 huko Ogden, Utah, magharibi mwa Marekani. Baba yake, mzee Jonathan, alikuwa mfuasi wa dini ya Mormon, mwenye wake watatu na watoto 22, na riziki yake ilitokana na kutengeneza bunduki. Wakulima na wasafiri walimletea silaha mbovu, na vyuma visivyofaa vikatupwa pembeni mwa karakana. Rundo lile ndilo lililokuwa chuo cha John.

Jamaa zake wamesimulia kwamba alipokuwa na miaka 10, siku moja baba hayupo, aliokota mtutu mkuukuu ulioharibika, akaufunga kwa waya juu ya kipande cha ubao alichokichonga mwenyewe. Kifyatulio hakina. Ilimlazimu mdogo wake, Matt, asimame kando na kusogeza moto penye baruti. Wakaenda porini, wakarudi na ndege wa kitoweo. Asubuhi mzee alikula nyama ile kwa raha, ndipo akaambiwa ilivyopatikana, akataka aione hiyo bunduki. Mtoto akangoja bakora au sifa. Hakupata hata kimoja. Mzee aliigeuzageuza, akauliza tu kama mtu anayekaribia miaka 11 hawezi kuunda iliyo bora kuliko ile.

Baba wa namna hiyo namfahamu. Walimu wetu wa chuoni walikuwa vivyo hivyo: ukihitimu juzuu, unaonyeshwa juzuu ya pili.

Miaka ikapita. Mnamo 1878 John, sasa kijana, alikuwa akilalamikia bunduki moja iliyojaa vyuma visivyo na kazi, na mzee akamwambia basi aunde yake. Akaiunda, kwa tupa, kwa nyundo, na kwa mashine ya kukereza iliyoendeshwa kwa mguu. Ilikuwa bunduki ya risasi moja, yenye vipande vichache. Hati ya haki ya uvumbuzi ilitoka Oktoba 1879. Mzee Jonathan alikuwa amefariki Juni mwaka huo huo.

Mwaka 1883 mkubwa wa kampuni ya Winchester alisafiri kutoka mashariki mwa nchi hadi Ogden, akainunua haki ile kwa dola 8,000.

Mimi lakini napenda zaidi bunduki zake ndogo, zile za risasi za .22, ambazo fataki yake haikai katikati ya kitako cha ganda bali imezungushwa ukingoni. Risasi hizo ni rahisi kuzitengeneza, na kwa hiyo bei yake ni ndogo. Alipowapelekea Winchester michoro ya bunduki ya kuvuta na kusukuma, walimjibu kwamba haitafanya kazi. Hakubishana nao. Aliichonga kwa mikono, akawapelekea yenyewe, wakaipiga ikapigika. Ikaingia sokoni kwa jina la mwaka 1890, na hadi ilipokoma kuundwa ziliuzwa zaidi ya laki nane. Ikafuata ile ya 1900, ya risasi moja, ya mtu wa dola chache. Bunduki za namna hii ndizo zilizowazaa mafundi wa uani: huyu anachonga kitako kipya cha mti wa mjozi, yule anabadilisha kilengeo, mwingine anakwangua kutu kwa subira usiku kucha.

Lau angeishia hapo, ningemwandikia shairi.

Mwaka 1902 aligombana na Winchester juu ya malipo ya bunduki yake nyingine, akauvuka bahari hadi Herstal, Ubelgiji, penye kiwanda cha FN. Kiwanda hicho kiliunda bastola zake. Kwa moja ya bastola hizo, tarehe 28 Juni 1914, Gavrilo Princip alimwua mrithi wa ufalme wa Austria pamoja na mkewe mjini Sarajevo, na vita vikawaka. Novemba mwaka huo vilikuwa vimefika Tanga. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi, watu wa pwani na wa bara, hawakurudi. Mwaka 1917 Browning akawapa wanajeshi wa nchi yake bombomu. Fundi si aliyefyatua, najua. Lakini nikiwakumbuka wapagazi wale, kalamu hunikawilia.

Alifariki ghafla tarehe 26 Novemba 1926, kiwandani kwao Herstal, akiwa na miaka 71. Aliacha hati 128 za uvumbuzi, na bastola ambayo hakuwahi kuikamilisha. Mbelgiji Dieudonné Saive aliimaliza, ikatoka mwaka 1935. Yeye alirudishwa Ogden, akazikwa huko.