KHABBAB BIN AL-ARATT (R.A.): MHUNZI ALIYEVISHWA CHUMA CHA MOTO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo:

 Ramadhan ikifika katikati, misikitini kwetu huhadithiwa vita vya Badr, vilivyopiganwa tarehe 17 Ramadhan mwaka wa 2 Hijria (624). Tunawataja mashujaa wake na tunawapa watoto wetu majina yao. Lakini hebu jiulize, zile panga zilifuliwa na nani? Ni nani aliyekaa mbele ya makaa na nyundo mkononi mpaka kipande cha chuma kikawa silaha? Swali hili ni nadra kuulizwa, kwa sababu fundi husahaulika upesi. Basi leo nataka nikujulishe na fundi mmoja wa chuma ambaye mwenyewe alikuwepo Badr. Ni Khabbab bin al-Aratt, Mwenyezi Mungu amridhie.

KIJANA WA SOKO LA WATUMWA

Khabbab alikuwa Mwarabu, asili yake kabila la Tamim. Akiwa bado mdogo alitekwa, akauzwa Makka kama mtumwa. Aliyemnunua ni mwanamke aitwaye Umm Anmar, wa kabila la Khuza'a. Hapo Makka akawa mhunzi, na kazi aliyojulikana nayo ni kufua panga.

Usidhani kazi hii ilimpa heshima, msomaji. Waarabu wa zama zile waliupenda upanga lakini walimdharau anayeutengeneza. Mabwana wa Kikureshi walijivunia biashara na ukoo. Mtu wa kushika nyundo, uso umejaa masizi na nguo zinanuka moshi, walimwona si kitu. Na huyu zaidi ya hayo alikuwa mtumwa, hana ukoo wa kumtetea pale mjini. Si unajua hata leo wako wanaomdharau fundi wa jua kali, na kumbe mlango wa nyumba yake mwenyewe anayedharau umetengenezwa na fundi huyo huyo?

Laiti Makureshi wangejua, ufundi wa chuma ni kazi iliyofanywa na Mtume. Qur'ani inatueleza katika Surat Saba' na Surat al-Anbiyaa kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma Nabii Daud (A.S.) na akamfundisha kutengeneza dirii, yaani yale mavazi ya vita ya pete za chuma. Tena akaamrishwa azipime sawasawa pete zake.

Na wanaoijua kazi hii wataelewa kwa nini amri ikaja kwenye vipimo. Dirii hufumwa kama kitambaa, ila badala ya uzi ni pete. Waya wa chuma huzungushwa kwenye kijiti cha chuma mpaka ukawa kama springi, halafu hukatwa upande mmoja na pete zikaachana. Kila pete hupitishwa ndani ya pete nne nyengine. Ncha zake hupondwa, hutobolewa na kufungwa kwa kijimsumari kidogo sana. Dirii moja hutaka maelfu na maelfu ya pete, na uzito wake hufika kilo kumi na kuzidi. Pete zikiwa kubwa mno, ncha ya mkuki hupita. Zikiwa ndogo mno, vazi huwa zito na mwenye kulivaa hawezi kuinua mkono. Na pete moja ikifungwa ovyo, basi maisha ya mtu yako hapo. Siku hizi huko Ulaya na Marekani wako watu ambao hufuma dirii kama hizi majumbani mwao kwa kupenda tu, jioni baada ya kazi, na koleo mbili mkononi. Vazi moja huwachukua miezi. Ni kazi ya subira, pete baada ya pete.

Kumbuka neno hilo dirii, msomaji. Tutalirudia hivi punde.

DENI LA UPANGA

Mtume (S.A.W.) alipoanza kulingania, Khabbab alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuitikia. Wako wanavyuoni wanaosema alikuwa wa sita. Fikiria, watu watano tu duniani ndio waliomtangulia! Naye hakusilimu kwa kufuata kundi, kwani kundi lilikuwa halijakuwepo.

Khabbab alikuwa amemfulia upanga tajiri mmoja wa Makka, Al-As bin Wail, na tajiri yule akawa hajamlipa. Khabbab alipokwenda kudai haki yake, akaambiwa hatalipwa mpaka amkanushe Muhammad (S.A.W.). Hebu jiweke mahali pake. Pesa ni zako, jasho ni lako, na neno moja tu la ulimi lingekulipia. Khabbab akamjibu kwamba hatamkanusha hata Al-As afe kisha afufuliwe. Yule tajiri akafanya mzaha, akasema basi amngoje huko huko atakapofufuliwa, kwani atakuwa na mali na watoto, atamlipa.

Mzaha ule haukupita bure. Zikateremka aya katika Surat Maryam kumjibu tajiri yule: je, amechungulia ghaibu, au amechukua ahadi kwa Mwenyezi Mungu? Na zikambainisha kwamba atakuja mbele ya Mola wake peke yake, mali na watoto amewaacha nyuma. Deni la mhunzi likaingia katika Kitabu kinachosomwa mpaka leo, na mwezi huu wa Ramadhan utalisikia katika tarawehe juzuu ya 16 ikisomwa.

CHUMA KIKAGEUZWA JUU YAKE

Makureshi walipoona neno haliwafai, wakaingia kwenye mateso. Wale wenye koo kubwa walilindwa na jamaa zao. Walioangukiwa na balaa ni wanyonge: Bilal, Ammar na wazazi wake, Suhaib na Khabbab. Imepokewa kwamba walivishwa dirii za chuma wakaanikwa kwenye jua la Makka. Umeona? Lile vazi la kumlinda mtu na kifo ndilo lililofanywa chombo cha kumuadhibu. Wewe ukiacha sufuria tupu juani saa saba ya mchana hushiki mpini wake. Basi je, chuma kile kikiwa kimekuvaa mwili mzima, na maji hupewi?

Khabbab hakuwapa walilolitaka. Imesimuliwa kwamba Umm Anmar alikuwa akichukua chuma kilichopata moto na kumuweka nacho kichwani. Na walipozidi kushindwa, wakamlaza chali juu ya mawe ya moto mpaka nyama ya mgongo ikaondoka. Mhunzi aliyejua vizuri kabisa moto unafanya nini kwa chuma, akajua pia unafanya nini kwa mwili wa binadamu.

Hata hivyo alikuwa mtu, msomaji, si jiwe. Siku moja alimwendea Mtume (S.A.W.) akiwa amejiegemeza kwenye kivuli cha Al-Kaaba, akamwomba awaombee nusura kwa Mwenyezi Mungu. Mtume akamkumbusha waumini wa kale waliopasuliwa kwa msumeno na kuchanwa kwa vitana vya chuma mpaka mfupani, wasiiache dini yao. Kisha akamhakikishia kwamba jambo hili litatimia, mpaka msafiri atoke San'aa aende Hadhramaut akiwa hamwogopi yeyote ila Mwenyezi Mungu, na mbwa mwitu kwa kondoo wake, lakini watu wana haraka. Angalia malezi hayo. Hakumlaumu kwa kushtaka wala hakumwahidi kwamba kesho mambo yatakuwa mepesi. Alimfundisha kungoja.

MWALIMU ALIYEJIFICHA

Na wakati mgongo wake unauma, Khabbab alikuwa akifanya nini? Alikuwa akisomesha. Nyumbani kwa Said bin Zaid na mkewe Fatima bint al-Khattab, alikuwa akiwafundisha Qur'ani kwa siri. Siku Umar bin al-Khattab alipoingia kwa dadake na hasira zake, ndani ilikuwa ikisomwa Surat Taha, na Khabbab akajificha haraka. Umar alipoyasoma yale maneno moyo ukalainika, na Khabbab akatoka mafichoni, akampa bishara kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa ameomba Uislamu utiwe nguvu na mmoja wa watu wawili, na Umar ni mmoja wao. Kisha akamwelekeza Mtume alipo. Chuma kililainika mkononi mwa Nabii Daud, na moyo wa Umar ukalainika kwa aya zilizokuwa zikisomeshwa na mhunzi.

Miaka mingi baadaye Umar akiwa Khalifa, alimkaribisha Khabbab karibu yake, akisema hakuna mwenye haki zaidi ya kukaa pale kuliko yeye isipokuwa Ammar. Khabbab akafunua mgongo wake, akamwonyesha Amiri wa Waumini alama za moto.

USIKU WA DUA TATU

Khabbab alihamia Madina, akapigana Badr, Uhud na vita vilivyofuata pamoja na Mtume (S.A.W.). Lakini nataka ushike kisa kimoja cha usiku, kwani huu ni mwezi wa kisimamo. Alimwona Mtume akiswali usiku mzima mpaka alfajiri, akamuuliza juu ya swala ile ambayo hajaiona mfano wake. Mtume akamweleza kwamba ilikuwa swala ya matumaini na khofu. Alikuwa amemwomba Mola wake mambo matatu. Kwamba umma huu usiangamizwe kama umma zilizotangulia, akapewa. Kwamba usitawaliwe na adui wa nje, akapewa. Na kwamba usigawanyike makundi makundi ukapigana wenyewe kwa wenyewe, na hilo hakupewa.

Aliyetupokelea habari hii ni Khabbab. Aliishi mpaka akaiona.

SANDUKU LISILOFUNGWA

Baada ya Iraq kufunguliwa, Khabbab alihamia Kufa, mji uliojengwa mwaka wa 17 Hijria (638). Akapata mali. Yule mtumwa aliyenyimwa bei ya upanga mmoja akawa na dirham 40,000 nyumbani kwake. Imepokewa kwamba pesa hizo hakuzifunga kamba wala hakumrudisha mwenye kuomba.

Maradhi ya mwisho yalikuwa makali, alichomwa chuma cha moto tumboni mara saba kwa ajili ya tiba. Akasema kama si Mtume (S.A.W.) kukataza kuomba mauti, angeyaomba. Alipoletewa sanda yake akalia. Si kwa kuogopa kufa. Alimkumbuka Hamza (R.A.), ambaye sanda yake ilikuwa kishuka tu, kikifunikwa kichwa miguu inaonekana, mpaka miguu ikafunikwa kwa majani ya idhkhir. Khabbab alikhofia isije ikawa wenzake waliondoka na ujira wao mzima akhera, naye akalipwa wake hapa duniani. Subhanallah! Mtu aliyechomwa mgongo kwa ajili ya dini anakhofia hana kitu mbele ya Mola wake, na sisi tukifunga siku tatu tu tunajiona tumefika.

Alifariki mwaka wa 37 Hijria (657), mwaka wa vita vya Siffin, Waislamu kwa Waislamu. Ali bin Abi Talib (R.A.) alipokuwa akirudi kutoka Siffin alilikuta kaburi lake nje ya Kufa, akasimama, akamwombea rehma na kumshuhudia kwamba alisilimu kwa kupenda, akahama kwa utiifu na akaishi akipigana jihadi.

Muda si mrefu, mwanawe Abdullah bin Khabbab alikutana njiani na Makhawariji. Walikuwa watu wa kufunga na kusoma Qur'ani sana. Mmoja wao aliokota tende iliyoanguka chini akaitia mdomoni, wenzake wakamkemea kwa kula kisichokuwa chake, akaitema. Kisha watu hao hao wakamchinja Abdullah, na wakamuua mwanamke aliyekuwa naye mjamzito. Tende waliiogopa, damu ya Muislamu hawakuiogopa. Jambo la tatu alilolisikia Khabbab usiku ule likaingia nyumbani kwake.

EWE KIJANA MWENZANGU

Khabbab aliteswa na makafiri, na mwanawe akauawa na watu waliokuwa wakisimama usiku kuswali. Kwa hiyo swaumu na kisomo peke yake havimsalimishi mtu, ikiwa moyoni amejihalalishia damu na heshima ya nduguye. Katika siku zilizobaki, kabla ya kubishana juu ya rakaa 8 au 20, angalia kwanza ni nani humsalimii msikitini.

Na ikiwa una kazi ya mikono, ya kuchomea vyuma au kutengeneza magari, usione haya. Ifanye vizuri, pima pete zako sawasawa, kwani hiyo ni amri aliyopewa Mtume. Ukidaiwa, lipa kabla ya Idi. Na fundi anayekudai wewe, usimngojeshe mpaka Kiyama kama Al-As.

Ewe Mola wetu, mridhie Khabbab na maswahaba wote, zilainishe nyoyo zetu kama ulivyomlainishia chuma Nabii Daud, na utakabali swaumu zetu. Amin.