Bwana Raiffeisen na Chama cha Wakopaji

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, tumeona vema kuwakumbuka pia wale waliotangulia kuifyeka njia hii kabla yetu. Miongoni mwao ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mjerumani, aliyezaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika kijiji cha Hamm, karibu na mto Sieg. Hakuwa tajiri. Alifundishwa na mchungaji wa kwao, akaingia jeshini, na macho yalipoanza kumharibikia akaacha upanga akashika kalamu ya serikali.

Mwaka 1845 aliwekwa kuwa mkuu wa vijiji vya Weyerbusch. Mwaka uliofuata mavuno yakaharibika, na majira ya baridi ya 1846 hadi 1847 yakaingia pamoja na njaa. Serikali ilileta nafaka, lakini kwa amri kwamba isitolewe ila kwa fedha taslimu. Nayo fedha ndiyo hasa waliyoikosa wenye njaa. Raiffeisen akaikiuka amri hiyo. Aliwaita wenye uwezo wakachanga fedha zao, tanuri likajengwa, na maskini wakapewa mikate kwa mkopo. Si kila mwenye ofisi angethubutu.

Alipohamishiwa Flammersfeld mwaka 1848 aliona balaa nyingine. Mkulima asiye na fedha alichukua ng'ombe kwa mwenye kukopesha, naye ng'ombe alibaki kuwa mali ya mkopeshaji. Malipo yakichelewa, mnyama alirudishwa, na mara nyingi shamba likafuata. Wazee wetu waliopata kuuza kahawa ingali maua mtini watalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Basi mwaka 1849 watu 60 wenye mali walijiunga, wakaweka dhamana yote waliyo nayo, wakanunua ng'ombe, na mkulima akalipa kidogo kidogo kwa miaka mitano.

Kazi hiyo aliifanya kwa imani yake ya Kikristo, akiamini kwamba upendo kwa jirani unatosha kukiendesha chama. Hapo ndipo alipokosea, nasi twaona ni heshima kwake kulisema. Huko Heddesdorf alianzisha chama cha hisani mwaka 1854, kikasaidia hata watoto waliotupwa na watu waliotoka kifungoni. Lakini matajiri, ambao wao wenyewe hawakuhitaji mkopo, walichoka. Mwaka 1864, shingo upande, akakigeuza: anayetaka mkopo sharti awe mwanachama, na kila mmoja awe mdhamini wa mwenzake. Chama kisizidi eneo ambamo watu hujuana. Viongozi wasilipwe, isipokuwa mweka hesabu. Faida isigawanywe, bali iwe akiba.

Mkewe alikuwa amefariki mwaka 1863. Mwaka 1865 alistaafu kwa pensheni ndogo, akauza mvinyo ili kuwalisha watoto. Kwa kuwa macho yalikuwa yamefifia, binti yake Amalie ndiye aliyemsomea na kumwandikia, na kitabu chake juu ya vyama vya mikopo kikatoka mwaka 1866. Alifariki Heddesdorf tarehe 11 Machi 1888, zikisalia siku chache atimize miaka 70. Wakati huo vyama vilivyofuata utaratibu wake vilikuwa vimepita 400.