John Tenniel na Tashtiti ya Wanasiasa

John Tenniel alizaliwa London tarehe 28 Februari 1820. Ujanani alijeruhiwa jicho la kulia akicheza vitara na baba yake, likapofuka. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa 1850 hadi 1901 alilichorea jarida la Punch katuni zaidi ya 2,000, akiwasawiri Gladstone na Disraeli mara kwa mara.

Maudhui hayakuwa yake peke yake. Wahariri waliyajadili mezani kila Jumatano; kisha Tenniel alichora juu ya ubao, na Joseph Swain akausimamia uchongwe tayari kwa kuchapwa. Kwa hiyo, tashtiti yake ilikuwa sauti ya baraza.

Mfano maarufu ni katuni ya tarehe 29 Machi 1890 kuhusu kung'atuka kwa Bismarck. Kansela huyo anashuka ngazi ya meli kama rubani aliyemaliza kazi, naye Kaisari Wilhelm II anamtazama kutoka juu. Mzee anastahiwa, kijana anatiliwa shaka. Hata hivyo, msomaji wa Moshi ataona pengo. Mapatano ya 1886 baina ya Uingereza na Ujerumani, Bismarck akiwa madarakani, yaliiweka Kilimanjaro upande wa Wajerumani. Abiria hao, waliopakiwa bila kuulizwa, hawamo katika mchoro.

Mwaka 1893, chini ya serikali ya Gladstone yuleyule, Tenniel alitunukiwa cheo cha Sir. Alifariki tarehe 25 Februari 1914. Aliwakosoa watawala; utawala wenyewe juu ya wengine haukuhojiwa katika katuni hiyo.