Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka

Mei 2021, kesi za jinai za kwetu Masisi na Walikale zilipohamishiwa mahakama za kijeshi, nilianza kuyasoma maisha ya Benedicto Kiwanuka wa Uganda. Mzaliwa wa Masaka, 1922. Askari, mwanasheria, Waziri Mkuu 1962. Obote alimfunga. Idi Amin, aliyepindua serikali Januari 1971 akijiita mtawala wa muda na kuahidi uchaguzi, alimfungua akamfanya Jaji Mkuu. Nadhani alitarajia shukrani. Septemba 1972 Kiwanuka aliamuru Mwingereza aliyezuiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria aachiliwe. Tarehe 21 walimkamata ofisini mwake, Mahakama Kuu, Kampala. Mwaka 1974 Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilimshtaki Amin Umoja wa Mataifa. Mwili haujapatikana.