Alisaka mpira wa pool, akatuletea plastiki

Hebu shika kalamu yako ya plastiki, ama chaja ya simu. Igeuze polepole. Unaona ule mstari mwembamba ulioizunguka kama mshono? Hapo ndipo vipande viwili vya kalibu, ile wengi wanaita moldi, vilikutana. Tafuta tena kidoa kidogo kama kovu. Mara nyingi hapo ndipo plastiki moto ilipopenyea. Beseni la nyumbani lina kovu lake, soketi ya ukutani pia.

Ukifuata hilo kovu hadi mwanzo wake, utampata John Wesley Hyatt.

Jamaa alizaliwa 1837 huko Starkey, jimbo la New York. Mwaka huohuo Marekani ilifungua ubalozi wake mdogo Zanzibar. Kwa nini nakutajia Zanzibar? Kwa sababu pembe za ndovu zilibebwa mabegani na wapagazi kutoka bara hadi pwani yetu, kisha zikavuka bahari kwenda kuwa vidude vya piano na mipira ya biliadi, yule babu wa pool. Pembe moja ilitoa mipira michache tu, na bei ikawa juu. Katika miaka ya 1860, kampuni moja ya biliadi New York ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala.

Hyatt hakuwa mkemia. Akiwa na miaka 16 alienda Illinois kufanya kazi ya uchapishaji, na baadaye akahamia Albany. Mchana alichapisha, usiku alikoroga. Alijaribu vumbi la mbao, karatasi, gundi, na bado mipira ikakataa. Ndipo akaanza kuchezea pamba iliyotiwa asidi, akaichanganya na kafuri, akaipasha moto na kuikandamiza kwa nguvu. Ikalainika, ikakubali umbo, ikapoa na kubaki hivyo. Yeye na kaka yake Isaiah wakaisajili 1870 na kuiita seluloidi. Ukweli usemwe: Alexander Parkes wa Uingereza alikuwa ametangulia na kitu kinachofanana nayo, lakini biashara yake ilianguka. Ya Hyatt ilisimama.

Sasa sikiza, maana hapa ndipo wengi huruka. Kupata mali ghafi ni nusu ya kazi. Utaitengenezaje iwe kitu, tena elfu moja vinavyofanana? Mwaka wa 1872 ndugu hao walisajili mashine yenye pistoni: seluloidi inapashwa moto ndani ya silinda, inasukumwa kupitia tundu, inaingia kwenye kalibu. Ilikuwa mashine sahili na vitu vyake havikuwa na madoido. Lakini mashine za leo za kudunga plastiki ni wajukuu wake, ila parafujo imechukua nafasi ya ile pistoni.

Mhandisi anayechora sehemu za plastiki leo bado anaumwa kichwa na mambo yaleyale. Ukuta ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, kitu kinapinda kikipoa. Plastiki hunywea, kwa hivyo kalibu huchongwa kubwa kidogo. Na pande lazima ziegemee nje angalau kidogo, nyuzi 1 au 2 hivi. Ni kama ugali kwenye bakuli: pande zikisimama wima kabisa, hautoki ukipindua. Ukikosea, kalibu ya chuma ya bei mbaya inageuka skrepu.

Hyatt pia alilipa karo yake. Seluloidi hushika moto upesi, na kiwanda chao cha Newark kiliungua zaidi ya mara moja. Alisimulia baadaye kwamba mwenye baa huko Colorado alimwandikia barua: mipira ikigongana kwa nguvu ililia kama risasi, na kila mwanaume baani akachomoa bastola! Wakati huohuo, kesi za umiliki na mpinzani kutoka Uingereza zilivutana kwa miaka.

Hakukaa tu na plastiki. Alibuni beringi zilizokuja kutumika kwenye magari ya kwanza ya Marekani. Mwaka wa 1914 wanakemia walimtunuku medali ya Perkin, yeye aliyeanza kama mchapishaji. Alifariki 1920 akiwa na miaka 82.

Na ndovu je? Usidanganyike. Seluloidi haikuwaokoa. Pembe ziliendelea kutoka pwani yetu miaka mingi baadaye.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua unachotaka kusema: umeona, digrii si kitu. Pole, bana. Nilimsoma Hyatt nikitafuta kisingizio hichohicho, nikakikosa. Kile ambacho hakufundishwa darasani alikilipia kwa miaka ya usiku, mikoroho iliyoharibika na viwanda vilivyoungua. Kama umeacha darasa, sawa. Swali ni je, usiku unakoroga nini?