Freddie Mercury: Mzaliwa wa Unguja aliyeichorea Queen nembo yake

Kabla sauti yake haijajulikana duniani, Freddie Mercury alikuwa mchoraji. Jambo hilo husahauliwa mara nyingi, hata Unguja kwenyewe, alikozaliwa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni ya Kiingereza.

Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India. Aliporejea Unguja mwaka 1963 hakukaa sana. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliifanya familia yake iondoke na kuhamia Feltham, pembezoni mwa London. Alikuwa na miaka 17.

Mwaka 1966 aliingia Chuo cha Sanaa cha Ealing kusomea usanifu wa michoro, akahitimu mwaka 1969. Hiyo ilikuwa London ya miaka ambayo jalada la santuri lilikwisha kuacha kuwa karatasi ya kufungia bidhaa tu. Herufi zilipindapinda kama moshi, rangi ziligongana, na kijana aliyenunua santuri aliweza kulitazama jalada kwa muda ule ule aliosikiliza muziki. Bulsara alimhusudu mpiga gitaa Mmarekani, Jimi Hendrix, akamchora mara nyingi. Baada ya masomo, yeye na mpiga ngoma Roger Taylor walikuwa na kibanda katika soko la Kensington, wakiuza kazi za wanafunzi wa Ealing na, baadaye, nguo za zamani.

Mwaka 1970 alijiunga na Taylor na mpiga gitaa Brian May. Yeye ndiye aliyeipa bendi jina la Queen, na wakati huo huo akaliacha jina la Bulsara. Mpiga gitaa la besi, John Deacon, alikamilisha kundi mwaka 1971.

Muda mfupi kabla ya santuri ya kwanza kutoka mwaka 1973, Mercury aliketi kuchora nembo. Aliijenga juu ya nyota za wenzake. Deacon na Taylor, wenye nyota ya Simba, wakawa simba wawili walioishika herufi Q. May, mwenye nyota ya Kaa, akawa kaa aliyetua juu ya herufi hiyo, na ndimi za moto zikipanda juu yake. Yeye mwenyewe, wa nyota ya Mashuke, alijichora kama vichimbakazi wawili wenye mabawa, waliojibanza chini ya simba. Ndani ya Q aliweka taji, na juu ya vyote akamtandaza feniksi, ndege wa hadithi anayefufuka kutoka majivuni. Mpangilio unafanana na nembo ya ufalme wa Uingereza. Hakuna jahazi humo wala karafuu. Chochote alichokumbuka kuhusu Unguja hakukiweka.

Mwanzoni ulikuwa mchoro wa mistari mitupu, nyuma ya jalada. Mwaka 1975, kwenye santuri ya A Night at the Opera, nembo ilihamia mbele, ikiwa na rangi, juu ya uwanja mweupe. Mwaka uliofuata ilirudi juu ya uwanja mweusi. Bendi iliyokuwa na mwimbaji mwenye mvuto kiasi hicho iliuza santuri hizo bila sura yake mbele. Mchoro wake ulitosha.

Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kuwa ana UKIMWI. Mwili wake ulichomwa, na mahali yalipowekwa majivu hapajawekwa hadharani.

Unguja ilichelewa kuamua la kufanya na jina lake. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa na jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO, iliyosema mwenendo wake ulikiuka maadili ya visiwa hivyo, na haikufanyika. Mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, katika nyumba inayosemekana familia yake iliwahi kuishi.