Shaaban Robert: Karani wa Tanga aliyejigeuza mchapishaji

TANGA, Tanzania

WENGI wetu tulikutana naye darasani, katika Kusadikika au Adili na Nduguze, tukadhani mtu mwenye jina kubwa namna ile aliishi kwa kalamu yake. Haikuwa hivyo. Kwa zaidi ya miaka 30 Shaaban Robert alikula mshahara wa ukarani wa serikali ya kikoloni, na vitabu aliviandika saa za ziada.

Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga, kwa wazazi wenye asili ya Kiyao. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, na mara alipomaliza akaajiriwa forodhani Pangani. Mwaka 1944 alihamishiwa Mpwapwa, kisha akarudi Tanga mwaka 1946, kwanza katika ofisi ya wilaya na baadaye idara ya upimaji ardhi, hadi 1960. Kwa Mwafrika wa wakati ule hiyo ilikuwa kazi ya heshima, na ndiyo iliyolisha watoto. Amina, mke wake wa kwanza, alifariki mapema, na majonzi yake yakaingia katika mashairi.

Mashairi yake ya mwanzo yalipitia gazeti la Mambo Leo, lililosomwa Tanganyika nzima na kuvuka mipaka. Huko ndiko jina lilikojengeka. Lakini kati ya jina na kitabu palikuwa na mlima. Kitabu cha Kiswahili kilichotaka kuingia shuleni kilipitia mikono ya kamati ya lugha iliyohudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na soko lenye fedha lilikuwa shule. Mchapishaji naye alikuwa mbali: London, Nairobi au kwingineko. Mwandishi aliyekaa Tanga alituma mswada kwa posta, akangoja.

Ndiyo maana diwani yake ya Pambo la Lugha ilitolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwishoni mwa miaka ya 1940. Mshairi wa Kiswahili kuchapiwa mashairi Afrika Kusini, nchi isiyozungumza Kiswahili! Kusadikika ilitolewa na Nelson mwaka 1951, Adili na Nduguze na Macmillan mwaka uliofuata. Kwa mtazamaji wa nje, huyo alikuwa mwandishi aliyefanikiwa.

Tazama lakini yaliyobaki kabatini. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti 3,000 kuhusu Vita Kuu ya Pili, aliutunga vita vyenyewe vikiendelea. Kufikirika aliiandika miaka ya 1940. Vyote viwili vilichapishwa mwaka 1967, yapata miaka 20 baadaye, mwenyewe akiwa kaburini. Binafsi naona hesabu hiyo inaeleza maisha yake kuliko orodha ndefu ya sifa tunazompa kila mwaka.

Cha ajabu, hakuwa mtu wa nje ya mfumo huo. Aliketi katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na jarida la kamati hiyo ndilo lililotoa mwaka 1958 wasifu wake wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar. Serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE. Heshima aliipata, ila haikumwondoa kwenye meza ya ukarani.

Uamuzi wake wa mwisho ulikuwa kuacha kungoja. Alianzisha mjini Tanga kampuni yake ya uchapishaji, akaipa jina la Kiingereza, Art & Literature. Mwaka 1959 ilitoa Insha na Mashairi, na mwaka 1960 Almasi za Afrika, mashairi yaliyoambatana na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka huo huo wa 1960 ndio alioachana na ofisi. Alikuwa na miaka 51.

Tusiipambe hatua hiyo. Mwandishi anayejichapishia hubeba mwenyewe gharama ya karatasi na mtambo kabla ya kuuza nakala ya kwanza, na Tanga ya wakati ule haikuwa na mtandao wa maduka ya kufikisha kitabu Mombasa au Kampala. Waandishi wanaojichapishia leo Nairobi na Dar es Salaam, wakibeba maboksi hadi stendi ya mabasi, wanaijua shida hiyo bila kusimuliwa. Yeye alikuwa na jina tayari, na bado ilikuwa kamari.

Muda haukumpa nafasi ya kuona matokeo. Alishuhudia Tanganyika ikipata uhuru Desemba 1961, na Juni 1962 akafariki akiwa na miaka 53.

Miswada aliyoiacha ikaangukia kwa wachapishaji wakubwa. Nelson walikusanya kazi zake katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban, na miongo kadhaa baadaye Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikavirudisha vitabu vyake madukani. Mwaka 1968 ikatoka Utubora Mkulima, hadithi ya kijana msomi anayeacha kazi ya ofisini na mshahara wake, akarudi shamba kulima kwa mikono yake.